Anayesamehewa Ada ya Taka, Nani Amlipie? Hotuba mbele ya wakazi na viongozi wa mitaa wa Kigoma Ujiji

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wenyeviti na watendaji wa mitaa, mabwana na mabibi afya, vikundi vya usafi, wazee wetu wa Ujiji, wavuvi wa Kibirizi na Katonga, na wakazi wenzangu wa Mwanga, Gungu, Bangwe na kwingineko, nawasalimu kwa heshima zote. Nimepewa nafasi ya kusema juu ya jambo linalotufikia mlangoni kila mwezi, yaani ada ya kuzolea taka za majumbani, na nitajikita katika upande wake unaozungumzwa kwa sauti ya chini: nani asamehewe ada hiyo, kwa utaratibu gani, na fedha ambayo yeye hakuitoa itoke mfuko gani.

Katika maswali hayo matatu, la tatu ndilo lililonileta hapa. Mawili ya kwanza huwa yanajadiliwa, walau kwa juu juu, kila sheria ndogo inapofikishwa kwenye baraza. Watu husema wazee waonewe huruma, wajane waangaliwe, wenye ulemavu wasisumbuliwe, na wajumbe wote huitikia kwa sababu hakuna mwenye moyo wa kusema hapana. Kisha kikao hufungwa bila mtu kuuliza gari litakalopita mlangoni kwa yule mjane litawekewa dizeli kwa fedha ya nani. Nimefanya kazi ya afya ya mazingira hadi kustaafu, na ninachoamini ni kwamba msamaha usiokuwa na mlipaji hugeuka, baada ya miezi michache, kuwa taka isiyozolewa.

Naomba tuanze na gharama yenyewe. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2018 kuhusu taka ngumu duniani, ilikadiria kwamba mtu mmoja katika Afrika kusini mwa Sahara huzalisha kwa wastani kilo 0.46 za taka kwa siku. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika Manispaa ya Kigoma Ujiji watu 215,458. Ukizidisha, unapata karibu tani 100 kila siku, na hiyo ni hesabu ya watu wa zaidi ya miaka kumi iliyopita, bila kuhesabu masoko, mwalo wala wasafiri wa bandarini. Ripoti hiyo hiyo inaeleza kwamba katika nchi za kipato cha chini, usimamizi wa taka humeza wastani wa asilimia 20 ya bajeti ya manispaa. Ni mzigo usiofichika kwenye vitabu vya halmashauri yoyote.

Taka zetu pia si za aina ya kusubiri. Mwenye kumwaga karatasi na makopo anaweza kukaa nayo wiki mbili bila jirani kulalamika. Lakini sisi tunamwaga maganda ya mihogo na ndizi, mabaki ya samaki, majani, makapi ya mawese, vitu vizito vyenye maji, ambavyo kwa joto la kando ya ziwa huoza ndani ya siku mbili na kuita inzi mtaa mzima. Kwa hiyo gari au guta lazima lipite mara kwa mara, na kila safari ina mafuta, tairi, na ujira wa vijana wanaobeba. Nani asiyeijua hali ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi? Tunafagia kwa bidii, tunakusanya chungu nzuri kando ya barabara, tunapiga picha, halafu chungu ile inabaki pale hadi kuku na mbuzi wairudishe ilikotoka. Kufagia tunajua, penye ugumu ni kuondoa.

Mji wetu umekaa kwenye miteremko. Kuanzia mvua za Oktoba hadi zinapokatika mwezi wa Mei, kila korongo la Mwanga na Bangwe ni mfereji, na kila kilichotupwa korongoni huishia ziwani au kwenye bonde la Mto Luiche. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo; sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kupaa angani, na plastiki haipai. Kinachoingia humo hukaa. Nchi nne zinanywa na kuvua katika ziwa hilo, na sisi ni mojawapo ya miji yake mikubwa. Wengi mnakumbuka pia Mei 2015, kipindupindu kilipozuka Kagunga miongoni mwa ndugu zetu waliokimbia Burundi, wagonjwa wakafikia maelfu na watu wapatao thelathini wakafa. Sisemi ugonjwa ule uliletwa na ada isiyolipwa, kwa sababu chanzo kilikuwa msongamano wa watu, ukosefu wa vyoo na maji yasiyo salama; nasema tu kwamba mkoa huu hauhitaji kuelezwa na mgeni uchafu unaoachwa karibu na maji unaweza kufanya nini. Kaya moja isiyozolewa taka haidhuriki peke yake, na ndiyo maana suala la asiyeweza kulipa ni la mtaa mzima.

Sasa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na Kanuni za Usimamizi wa Taka Ngumu za mwaka 2009, na vilevile Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, zinaweka wajibu wa kusimamia taka mikononi mwa mamlaka za serikali za mitaa. Wajibu huo ni wa halmashauri hata pale inapompa kazi mkandarasi au kikundi. Kwa upande wa fedha, Katiba yetu, Ibara ya 138, inakataza kodi ya aina yoyote kutozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria, na halmashauri hutoza ada kwa sheria ndogo ambazo huidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Mantiki ile ile inatuambia kwamba kama kutoza kunahitaji maandishi, kusamehe nako kunahitaji maandishi. Mtendaji wa mtaa hana mamlaka ya kumwambia mtu "wewe acha, nitakuangalia", kama ambavyo hana mamlaka ya kumtoza shilingi ambayo haimo kwenye sheria ndogo.

Hapo ndipo penye jeraha letu. Wazee mnaikumbuka kodi ya kichwa na baadaye kodi ya maendeleo, jinsi mgambo walivyokuwa wakiamsha watu alfajiri, na vijana wakilala shambani ili wasikamatwe. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, lakini kumbukumbu yake haikufutwa, na kila anayebisha hodi na kitabu cha stakabadhi au mashine mkononi huonekana ni mtoto wa mgambo yule. Halmashauri inayotaka watu walipe ada ya taka bila kufukuzana nao inapaswa kuonesha mambo mawili yanayoonekana kwa macho: kwamba taka imeondoka, na kwamba asiyekuwa nacho hakukamuliwa.

Hivi leo misamaha ipo, tusidanganyane. Ipo misamaha ya mdomo. Nani huipata? Mara nyingi huipata mwenye sauti: mfanyabiashara anayefahamiana na mkusanyaji, mtumishi mwenye cheo ambaye hakuna kijana anayekusanya ada kwa kamisheni atakayethubutu kumgongea mara ya pili, nyumba yenye geti refu na mbwa mkali. Huipata pia taasisi, zikiwamo ofisi za umma, ambazo taka zake ni nyingi kuliko za mtaa mzima na hakuna anayezidai kwa sababu haijulikani nani aandike hundi. Bibi wa vyumba viwili pale Rubuga hana geti wala cheo, kwa hiyo yeye hufikiwa, na huona aibu kusema hana. Mkiniuliza tuanze wapi kupunguza misamaha, nitasema tuanze na hii ya wenye nguvu, maana huenda ndiyo inayotugharimu zaidi na haimo kwenye kitabu chochote.

Tuna somo la karibu kuhusu msamaha wa maandishi usiokuwa na fedha, nalo ni la sekta ya afya. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza miaka ya tisini, serikali iliweka misamaha kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wagonjwa wa maradhi maalumu, na baadaye Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ikasisitiza matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Kwenye karatasi ilikuwa huruma kamili. Lakini mzee alipofika dirishani na kitambulisho chake aliandikiwa, akapewa pole, kisha akaelekezwa duka la dawa la nje kwa sababu dawa zimekwisha. Kituo kilichopokea wazee wengi zaidi hakikurudishiwa kitu, hivyo kadiri kilivyotii sera ndivyo kilivyofilisika. Hata leo, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imelazimika kuweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo, ambako ni kukiri, baada ya miaka thelathini, kwamba anayesamehewa lazima awepo wa kumlipia.

Naomba tulete hesabu hiyo kwenye taka, kwa mfano wa kubuni ili asije mtu akadhani nimechungulia daftari lake. Tuseme mtaa una kaya 400, na ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Wote wakilipa, zinapatikana shilingi 800,000. Tuseme kaya 60 zinastahili msamaha. Zinapungua shilingi 120,000. Taka haikupungua hata kilo, kwa sababu zile kaya 60 zinaendelea kupika na kumenya. Basi upungufu ule utakwenda wapi? Unaweza kugawanywa kwa kaya 340 zilizobaki, kila moja ikaongezewa kama shilingi 353. Unaweza kubebwa na makusanyo mengine ya halmashauri, ushuru wa huduma na leseni na kadhalika. Unaweza kuwekwa kwenye viwango vya juu zaidi vya hoteli, maghala, baa na masoko. Au unaweza kuachiwa kikundi cha vijana wenye guta, ambao hawakuhudhuria kikao kilichotoa huruma, nao watakachofanya ni kupunguza safari, na safari watakazopunguza ni zile za kupanda kilimani kwenye nyumba zisizolipa. Hilo la mwisho hakuna baraza linaloliamua; hutokea lenyewe pale ambapo mengine matatu hayakuamuliwa.

Wala si kwetu tu. Dar es Salaam ilianza kukabidhi uzoaji wa taka kwa mkandarasi binafsi mwaka 1994, kwa kata 10 za katikati ya jiji, na mtindo ulioenea baadaye ulikuwa mkandarasi kukusanya ada yeye mwenyewe mlango kwa mlango. Matokeo yake ni rahisi kuyabashiri, kwa maana mkandarasi wa namna hiyo hupenda mtaa wa wanaolipa na huukimbia mtaa wa wasiolipa, na huwezi kumlaumu, maana hesabu ndiyo inayomwendesha. Jiji la Dublin kule Ireland lilikuwa na msamaha wa ada kwa kaya za kipato kidogo wakati lilipokuwa likizoa taka lenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2012 lilikabidhi kazi hiyo kwa kampuni, na swali la nani aubebe ule msamaha likawa mgogoro, kwa sababu kampuni haikuona kwa nini huruma ya jiji iwe hasara yake. Afrika Kusini wamekwenda njia nyingine: manispaa huweka rejista ya kaya zisizojiweza, na serikali kuu hupeleka mgao wa fedha unaokusudiwa kufidia huduma za msingi za kaya hizo, uzoaji wa taka ukiwamo. Wanalalamika nao, rejista zina majina ya marehemu na ya wenye magari, lakini walau wanagombana juu ya fedha iliyopo.

Ndiyo maana naomba sheria ndogo yetu iwe na sentensi moja isiyo na utata: kwamba kwa kila kaya iliyosamehewa, halmashauri itamlipa mzoaji kiasi kile kile ambacho angelipwa na kaya hiyo, kutoka kwenye kifungu cha bajeti kinachojulikana kwa jina. Mwaka wetu wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na maandalizi ya bajeti huanza miezi mingi kabla, kwa hiyo kifungu hicho hakiwezi kuchomekwa Juni watu wakiwa wamekwisha kufunga vitabu. Idadi ya kaya ijulikane kwanza kwenye mitaa, izidishwe kwa ada, ipatikane jumla, na baraza liseme wazi linaimudu au halimudu. Kama halimudu kaya 60, lisamehe 30 na liseme hivyo. Ni heri msamaha mdogo unaolipwa.

Nani basi astahili? Nitasema yale ninayoyaona, na ninajua baadhi yenu hamtakubaliana nami. Umri peke yake usiwe kigezo. Sheria zetu humhesabu mzee kuanzia miaka 60, lakini wako wazee wa miaka 70 wenye nyumba tatu za kupangisha Mwanga, na wako vijana wa miaka 30 wenye kiharusi. Kigezo kiwe kipato na uwezo, na umri uwe alama ya kutuelekeza pa kuchungulia. Kazi kubwa ya kuwatambua wasiojiweza imekwisha kufanywa: Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, una kaya zilizopitishwa kwenye mikutano ya wananchi, na sioni sababu ya kumtaka mama ambaye serikali hiyo hiyo imekwisha kumtambua kuwa maskini aje athibitishe umaskini wake mara ya pili kwa ajili ya shilingi elfu mbili. Kaya hizo ziingie moja kwa moja. Kisha waongezwe ambao orodha ile iliwaacha, maana kila orodha huacha watu: mwenye ulemavu anayeishi peke yake, watoto wanaoleana wenyewe, kaya yenye mgonjwa wa muda mrefu.

Liko kundi jingine ambalo sheria ndogo za mijini hulisahau kabisa, nalo ni la watu ambao si maskini mwaka mzima lakini kuna miezi au majuma hawana kitu. Katika mji huu watu hao ni wavuvi na wote wanaoishi kwa jasho la wavuvi, kina mama wanaoanika dagaa, wabeba mizigo, wauza barafu. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi inapokuwa angavu mitumbwi hupumzika, na fedha nayo hupumzika. Mkusanyaji anayepita Kibirizi wakati wa mbalamwezi atarudi na orodha ndefu ya "wakaidi", na angepita giza likiwa limeshika angelipwa na nusu yao bila neno. Huyo hahitaji msamaha, anahitaji tarehe. Lakini mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu! Sibishani na uamuzi huo, na wengi wanasema ziwa lilihitaji kupumua. Nauliza tu ni ankara ngapi za taka ziliendelea kuhesabiwa katika miezi ile kana kwamba hakuna kilichotokea. Sheria ndogo ingepaswa kuwa na kipengele kinachosema kwamba pale serikali yenyewe inapofunga shughuli inayolisha mtaa, ada ya kaya husika husimama au husogezwa mbele, na deni halizai faini.

Kuhusu wapangaji nitasema kidogo kwa kuwa jambo lenyewe linahitaji uamuzi tu. Nyumba ya vyumba sita yenye wapangaji sita ni nyumba moja au kaya sita? Kama ada ni kwa kaya, basi iandikwe hivyo na msamaha umfuate mwenye kaya hata akihama kutoka Gungu kwenda Katubuka. Kama ni kwa nyumba, mwenye nyumba ndiye mdaiwa, na asimgeuzie mpangaji mgonjwa mzigo wa majirani zake.

Wako wanaopendekeza ada ya taka ikatwe kwenye LUKU, yaani mtu anaponunua umeme wa kulipia kabla, kama ilivyofanywa kodi ya majengo tangu mwaka 2021. Naliheshimu pendekezo hilo kwa kuwa linaondoa hodi za mlangoni, lakini naomba tuyaangalie yaliyotokea. Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo, ila aliyenunua umeme ndiye aliyejikuta amekatwa, naye mara nyingi ni mpangaji. Nyumba zenye mita zaidi ya moja zilijikuta zinakatwa zaidi ya mara moja hadi zilipolalamika. Na mzee anayestahili msamaha kwa nyumba anayoishi ilimbidi aandike barua, aipitishe kwa mtendaji wake, kisha aifuatilie ofisi za mapato ili mita yake iondolewe kwenye makato, wakati makato yanaendelea. Mita haijui nani amefikisha miaka 60. Mfumo wowote unaokata kwanza na kusikiliza baadaye unamlazimisha asiyenacho aikopeshe serikali, na kwa taka kuna tatizo la ziada: kaya isiyo na umeme kabisa, ambayo huenda ndiyo maskini kuliko zote, haimo kwenye mfumo, hivyo haionekani wala kwa kudaiwa wala kwa kuzolewa.

Naja kwenye uwazi, na hapa nina msimamo ambao umebadilishwa na umri. Manispaa hii ilikuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani zilizochaguliwa mwaka 2016 na mpango wa kimataifa wa Open Government Partnership kujaribu uendeshaji wa shughuli za serikali kwa uwazi, kabla nchi haijajitoa katika mpango ule mwaka uliofuata. Tulijifunza kubandika taarifa ukutani, na jambo hilo halihitaji mpango wa kimataifa ili liendelee. Tubandike vigezo vya msamaha. Tubandike idadi ya waliosamehewa kila mtaa, kiasi kilicholipwa kwa niaba yao, na siku gari lilipopita. Lakini majina tusibandike. Mtu wa Ujiji anaweza kulala njaa na bado akafagia uwanja wake ili mgeni asijue, na ukimtundika kwenye mbao za matangazo kama asiyejiweza, atalipa ada kwa fedha ya dawa ili jina lake litoke. Sitara ya mtu nayo ina haki zake. Najua nitaulizwa udanganyifu utazuiwaje kama majina hayaonekani. Yahifadhiwe kwenye daftari ofisini, yapitiwe na kamati ndogo ya mtaa yenye mwanamke, mzee, mwenye ulemavu na mwakilishi wa wazoaji, na mkaguzi wa halmashauri aweze kuyafungua wakati wowote. Yule mwakilishi wa wazoaji msimpuuze. Ndiye anayejua nani hutoa mfuko mdogo wa maganda na nani hutoa magunia matatu ya chupa za vinywaji kila Jumatatu.

Na hao wazoaji, kwa vile nimewataja, wasikusanye ada wakati huo huo wanaamua nani asamehewe. Mwenye kamisheni kwa kila shilingi hawezi kuwa mwamuzi wa haki wa shilingi isiyokusanywa. Wazoe, walipwe kwa kazi waliyofanya, na wale vijana wanaohitaji guta au pikipiki ya magurudumu matatu wasaidiwe kujiunga kwenye vikundi na kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria imeitenga kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Kuna pendekezo nimelisikia, kwamba asiyeweza kulipa afanye kazi ya usafi badala ya ada. Silipendi. Anayestahili msamaha kwa kawaida ni yule ambaye mwili wake hauruhusu, na mwenye mwili unaoruhusu anahitaji kibarua chenye ujira kuliko kufagia kwa deni. Nalipenda zaidi lile la kupunguza ada kwa kaya inayotenga maganda na kuyafanya mboji au kuwapa wafuga mbuzi, kwa sababu kaya hiyo imempunguzia mzoaji mzigo kweli. Hilo lakini ni punguzo, halihusiani na umaskini, na lisichanganywe kwenye kifungu kimoja cha bajeti.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nikabidhi haya niliyoyaandika kwa ajili ya rasimu. Fomu ya kuomba msamaha iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, ipatikane ofisi ya mtaa bila malipo, na asiyejua kusoma ajaziwe na mtendaji mbele ya shahidi. Jibu litoke ndani ya siku 30 kwa maandishi, na likichelewa mwombaji ahesabiwe amesamehewa hadi atakapojibiwa. Wakati ombi linasubiri, asitozwe faini wala kupelekwa mahakamani. Aliyekataliwa aelezwe sababu na aweze kukata rufaa kwenye kata. Mwenye ulemavu wa kudumu na mzee asiye na kipato wasirudishwe kuomba kila mwaka. Wengine wapitiwe kila baada ya miezi 12. Gari au guta lipite kwa aliyesamehewa siku ile ile linapopita kwa jirani yake anayelipa, na lisipopita, mwenye kaya awe na mahali pa kulalamika panapofunguliwa hata Jumamosi. Na kabla ya yote hayo, wenyeviti wa mitaa mliopo hapa mlete idadi ya kaya zenu zinazostahili kabla kamati ya fedha haijakaa kupanga bajeti ijayo, kwa sababu bila idadi hiyo kifungu nilichokiomba hakitakuwa na tarakimu ya kuandikwa.

Naomba kuwasilisha.